Kondoo Niliyempeleka Lemara

Jumatatu, 3 Machi

Nimekamua wawili. Yule mwekundu kapiga teke ndoo, nikamshika mguu mpaka akatulia. Nakaribia miaka themanini na bado namshika ng'ombe mguu. Hapa Olmotonyi waniletee kijana anayeweza.

Halafu gerezani kumwona Lomayani. Mama yake kafunga ndizi na nyama kwenye hotpoti. Askari kafungua, kakagua, kafunga.

Lomayani ni mwanangu wa kwanza. Yuko ndani tangu kabla ya Krismasi. Nchi ya ng'ambo ya ziwa inamtaka. Wanasema wakati wa vita vyao alikuwa na kundi la watu wenye bunduki, na wakaua watu kijijini. Miaka ile alikuwa dereva wa malori. Alipotea muda mrefu huko huko, akarudi. Sasa ni mtu mzima, ana mvi, ana duka la spea, anaimba besi kwenye kwaya. Kazaliwa hapa. Kitovu chake kiko nyuma ya zizi langu. Sio mkimbizi, sio mgeni. Mtanzania. Na serikali yetu wenyewe ndiyo iliyomkamata ili imtoe.

Tumekaa. Kauliza habari za ng'ombe. Nimemwambia. Muda ukaisha.

Haya naandika mwenyewe. Nilisoma ile elimu ya watu wazima, jioni, baada ya kutoka shambani, na nilikuwa wa kwanza kujua kuandika jina. Wengi wa rika langu mpaka leo wanaweka dole gumba.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi kwenye kituo cha maziwa Saruni alikuwa anahutubia. Saruni ni rika langu. Mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Ng'ombe wangu akila mahindi ya jirani, nalipa mahindi! Simpi jirani ng'ombe akamchinje!"

Watu wakacheka, wakasema kweli mzee, serikali haina akili. Mama mmoja mwenye dumu akamwuliza, "Na akimuua mtoto wa jirani kwa pembe, babu, utalipa mahindi?"

Saruni akajifanya anakohoa.

Nikamimina maziwa yangu. Yalikuwa mengi kuliko ya wote. Nikaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Mahakamani mjini. Nilivaa koti.

Wakili wetu ni binti, anaitwa Neema. Kaletwa na Ruth, binti yangu anayekaa Njiro. Mdogo wa umbo lakini sauti anayo. Kanieleza mara mbili. Hapa hakimu haamui kama Lomayani aliua au hakuua. Anaangalia kama huyu ndiye mtu wanayemtaka, na kama ipo kesi ya kujibu. Akiona ndivyo, jambo linakwenda kwa waziri. Waziri akisaini, Lomayani anapelekwa, na kesi yenyewe inasikilizwa huko huko kwao.

Nimemwambia unamtoa mtu kwanza halafu ndio unauliza kama ana kosa? Kasema ndivyo sheria ilivyo, baba. Nimemwambia sheria hiyo haikukaliwa kikao na wazee.

Utetezi wake ni mmoja. Siye. Wale mashahidi wa kule wanamtaja mtu aliyeitwa Dereva. Madereva ni wengi.

Mimi mahakama nazijua. Ile mahakama kubwa ya kesi za vita vya jirani ilipokuwa hapa mjini, nililinda geti. Miaka mingi. Niliwafungulia majaji wa dunia nzima na walinijua kwa jina. Niliwaona na washtakiwa wakiletwa. Suti nzuri, tai, mafaili. Nilikuwa nawatazama nasema huyu kaua, huyu kaua. Kabla hata hawajakaa kizimbani. Leo Lomayani kashuka kwenye karandinga na shati jeupe alilonyooshewa na mama yake, na watu wamesimama getini wanamtazama.

Kuna mwanamke kaletwa kutoka kule kuja kumtambua. Anaitwa Riziki. Baba yake ni mmoja wa waliouawa. Kanyoosha kidole, kasema ndiye. Neema kamwuliza siku hiyo ulikuwa na umri gani. Kasema miaka tisa. Neema kasema asante, kakaa.

Nilifurahi. Mtoto wa miaka tisa anajua nini.

Hakimu ni mama wa Kichaga, mnene, hana haraka. Kaahirisha.

Nje Neema kaniambia, "Baba, yule mama usimsogelee. Usimsalimie hata barabarani. Umenielewa?"

Nimemwambia mimi sio mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kidogo. Nimeziba tundu la zizi.

Ruth kapiga simu. Majirani zake Njiro wameanza kumsalimia kwa upole. Anasema bora wangemtukana.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilikaa na wazee wa ukoo nyuma ya kanisa. Nilikuwa na jambo.

Kwetu Waarusha mtu wako akiua, hungoji polisi. Unakata majani mabichi, unamshika kondoo jike asiye na kilema, unakwenda kwa waliofiwa. Majani mkononi maana yake usinipige, nimekuja kuomba. Wakiyapokea, wazee wa pande mbili wanakaa, mazungumzo ya fidia yanaanza, na damu inaishia hapo. Mimi nimeubebea ukoo huu majani tangu nikiwa na nywele nyeusi. Hayajawahi kukataliwa mkononi mwangu. Mwingine mwenye kusema hivyo ajitokeze.

Nikawaambia, huyo mama yuko hapa hapa Lemara, gesti anayofanya kazi mjukuu wa Saruni. Akipokea majani, atarudi kwao na kuwaambia watu wake kwamba wazee wanazungumza. Kesi itakosa mwenyewe. Lomayani atabaki.

Laigwanani wetu, yaani kiongozi wa rika letu, kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kauliza, "Mwanao umemwuliza?"

Nikasema bado.

"Basi kaa nyumbani. Mwenye kosa analitaja kwanza. Huwezi kupeleka majani ya kosa ambalo halina mwenyewe."

Saruni akasema, "Na huyo mwanamke sio Mwarusha. Utampa majani, atadhani umemfananisha na mbuzi."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nimesema nitamwuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Gerezani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamwuliza. Sikuzungusha. Nilisema, "Lomayani, wale watu uliwaua?"

Katazama mikono yangu. Askari kapita, karudi.

Halafu kasema, "Mvua imeanza huko juu?"

Nikasema imeanza.

"Mahindi mpande mapema. Usingoje trekta."

Nikasema sawa.

Nimerudi kwa miguu kutoka barabarani mpaka nyumbani. Mama yake kaniuliza hajambo? Nikasema hajambo, anasema tupande mapema.

Jumanne, 11 Machi

Angekuwa hajaua angesema hapana. Ni neno fupi.

Lakini pia hakusema ndiyo.

Sisikii uchungu wowote. Nimepasua kuni mpaka mchana.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda.

Sikumuaga laigwanani, sikumwambia mke wangu. Nilimchagua kondoo jike, wa miaka miwili, hana doa wala kilema. Kondoo wangu wanajulikana mpaka mnada wa ng'ambo ya mlima. Majani nilikata kwenye mfereji, yale marefu laini. Mjini nikakodi bajaji. Dereva akasema, "Babu, na huyo bibi naye nimhesabie nauli?" Nikamwambia endesha.

Gesti ile ina ukuta wa bluu. Mjukuu wa Saruni akatoka mbio. "Shikamoo babu! Jamani babu, kondoo haruhusiwi humu!" Nikamwambia mwite mama wa ng'ambo ya ziwa. Nikasimama uani, kamba mkono wa kushoto, majani mkono wa kulia.

Riziki katoka na kanga mabegani. Ana kama miaka arobaini. Kiswahili chake kinavutwa mwishoni, sio kama chetu.

"Mzee, karibu. Wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni baba wa Lomayani.

Karudi nyuma hatua moja. Nikanyoosha majani. Nikasema pokea. Kayatazama, kanitazama, kamtazama kondoo. Kayapokea.

Halafu akainama akampa kondoo.

Kondoo akala. Yote. Mimi nimekaa kwenye mabaraza maisha yangu yote na sijawahi kuona majani ya amani yanaliwa. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia hilo maana yake nini. Nilisimama tu.

Kauliza, "Kondoo ni wa nini?"

"Ni wa baba yako."

Kasema, "Ulimjua?"

"Hapana."

"Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa na mguu mmoja mfupi, ndiyo sababu hakukimbia." Kaendelea kusema huku kaichukua kamba, anamshika kondoo kichwa kama anamkuna. "Yule dereva alinivuta kando. Akanifunika na shuka yake nyekundu, kichwa chote, nisione. Akasema mtoto, usitoe sauti. Halafu akarudi kwa wenzake. Sikuona, mzee. Nilisikia. Aliponifunua ndio nikamwona uso vizuri. Bunduki ilikuwa kwake."

Nikasema watu wengi wana shuka nyekundu.

Kasema, "Kwetu hakuna aliyekuwa nayo."

Kanirudishia kamba mkononi. Polepole, bila hasira. Kasema hana pa kumweka kondoo, yuko gesti. Kanishukuru kwa kuja. Kaingia ndani.

Nimerudi na kondoo kwa lori la mchanga.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekamua wawili. Kondoo yuko na wenzake. Anakula kama kawaida.

Jumatatu, 17 Machi

Neema kaniita kwa Ruth, Njiro. Sebule kubwa, makochi meupe, nikakaa ukingoni. Neema hakukaa.

"Baba, nilikwambia nini?"

Kumbe Riziki kamweleza wakili wa serikali. Sio kwa ubaya. Kamweleza tu kwamba mzee mmoja kamletea kondoo na majani, na yeye hakuelewa, je, hiyo ni salamu ya huku? Wakili wa serikali ni kijana wa Kimeru. Kaelewa. Neema anasema wangeweza kunishtaki kwa kumwingilia shahidi, ila wameona faida nyingine. Wameomba niitwe kizimbani.

"Utetezi wetu ni kwamba Lomayani siye. Na wewe baba yake unakwenda kuomba msamaha wa damu. Utaomba msamaha wa mtu mwingine?"

Akakaa sasa, karibu yangu, akashusha sauti. "Sikufundishi uongo. Nakuuliza tu. Yale majani, kondoo alikula au hakula?"

"Alikula."

"Basi yalikuwa chakula chake. Ulimpelekea mgeni mfiwa zawadi ya kondoo, pamoja na chakula cha kondoo. Mzee mkarimu. Ukisema hivyo, wakili wa serikali hana pa kushika."

Ruth alikuwa mlangoni. Kasema, "Baba, tafadhali."

Nimerudi. Ni kweli kondoo alikula.

Jumatano, 19 Machi

Kila mtu ana maneno. Ruth kaja na gari mpaka huku juu, katoa machozi. Saruni kaja, kwa mara ya kwanza hana utani. Kasema, "Sema yalikuwa chakula. Nani atakulaumu? Mwanao huyo." Laigwanani kapita njiani, kanisalimia, hakusema lolote. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilimwuliza mke wangu, wewe unaonaje. Alikuwa anamenya ndizi. Kasema chumvi imeisha.

Nimenyoa ndevu.

Alhamisi, 20 Machi

Mahakama ilijaa. Wengi watu wetu, shuka na kofia. Nyuma kulikuwa na wamama wa kwaya.

Nikala kiapo. Wakili wa serikali kaanza, "Shikamoo mzee." Nikasema marahaba. Kaniuliza umri, ukoo, kazi. Nilimwambia nililinda geti la mahakama kubwa na majaji wa dunia walinijua kwa jina. Watu wakacheka kidogo. Hakimu hakucheka.

Kaniuliza kama nilikwenda Lemara. Nikasema nilikwenda. Na kondoo? Na kondoo. Kondoo jike? Jike. Hana kilema? Sina kondoo mwenye kilema.

"Mkononi ulikuwa na nini?"

"Majani."

"Majani yale yalikuwa ya nini, mzee?"

Walio nyuma wote walikuwa wanajua. Hakimu anajua, kwao Uchagani wanatumia majani ya masale kwa kazi hiyo hiyo. Aliyekuwa hajui ni Riziki peke yake. Amekaa benchi la mbele, mikono mapajani, ananisikiliza kama mtu anayengoja kuelezwa.

Neema alinikazia macho. Nikamtazama Lomayani. Naye alinitazama, usoni, mara ya kwanza tangu wamkamate. Hakutikisa kichwa. Hakufanya chochote.

Nilifungua mdomo niseme chakula cha kondoo. Neno lilikuwepo. Nikaona hao wazee wa nyuma. Nikaona majani yote niliyowahi kubeba, kila nyumba iliyonifungulia mlango kwa sababu ni mimi niliyeyashika. Nikisema haya yalikuwa chakula cha kondoo, basi na yale yalikuwa chakula cha kondoo.

Nikasema, "Ya kuombea msamaha."

"Kwa desturi yenu, mwenye kubeba majani na kondoo kwenda kwa wafiwa anatoka upande gani?"

"Upande wa aliyeua."

"Asante mzee. Sina swali lingine."

Nikageuka kwa Riziki nikamwambia, bila kuulizwa, "Majani yale sio ya mbuzi, mama. Ni ya mtu." Hakimu akaniambia nishuke.

Nimeshuka mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Sitaki mtu aje kusema nilisema kwa kuwa napenda ukweli. Sikuwa nawaza ukweli. Nilikuwa nawaza majani yangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna.

Jumapili, 23 Machi

Kwaya imeimba bila besi. Laigwanani kanipa mkono mlangoni, kaushika muda mrefu. Ruth hapokei simu. Mke wangu anapika, anaweka mezani, anatoka.

Tumepanda mahindi, yote, kabla ya wengine wote.

Ijumaa, 28 Machi

Hakimu kasoma uamuzi. Asubuhi nzima. Mengi sikufuata. Kasema uraia wa Lomayani haumzuii kupelekwa. Kasema mtu anayetakiwa ni huyu. Kasoma maneno ya watu wa kule, kasoma ya Riziki, halafu yangu. Maneno yangu yalikuwa mafupi, yakaisha haraka.

Lomayani atabaki gerezani akingoja waziri.

Neema kaniambia nje, "Baba, makaratasi yao peke yake yalitosha. Usijibebeshe." Simjui vizuri, sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Sikumwuliza.

Riziki alikuwa anangoja gari. Kanipungia mkono kidogo, kama mtu anayeaga jirani. Nami nikampungia.

Jumanne, 8 Aprili

Gerezani. Lomayani kakonda. Nilimwambia mahindi yameota vizuri, yetu yako mbele ya ya Saruni. Kafurahi.

Nikamwambia, "Una hasira na mimi?"

Kasema, "Hapana, baba."

Alikuwa ameweza kusema hapana. Nimekaa mpaka muda ukaisha.

Jumanne, 15 Aprili

Waziri amesaini. Tumesikia kwa redio kabla Neema hajapiga simu.

Kwenye kituo cha maziwa wamegawanyika. Saruni anapiga kelele nchi imemtupa mtoto wake. Kijana mmoja wa chuo cha misitu kasema kama sisi tulikubali watu wa nje wahukumiwe hapa Arusha, tutakataaje wa kwetu ahukumiwe kwingine? Saruni kamwita mtoto wa juzi. Kijana kasema, "Sawa babu, lakini nijibu." Wakanigeukia mimi, niliyelinda geti.

Nikasema maziwa yangu yapimwe, naondoka.

Jumatano, 23 Aprili

Leo kapelekwa uwanja wa ndege.

Hawakutaka ndugu. Nikaenda nikasimama barabara ya Moshi tangu asubuhi, mahali ambapo lazima magari yapite. Nilisimama wima, sikukaa. Yakapita magari mawili ya vioo vyeusi na pikipiki mbele. Sikujua yumo lipi. Nikayapungia yote mawili.

Ndege sikuiona. Mawingu.

Ruth alikuja kunichukua. Mlangoni kaniambia shuka polepole baba, pana tope.

Jumatatu, 28 Aprili

Neema anasema amefika, yuko salama, amepewa wakili wa huko. Kesi haijapangiwa siku.

Ng'ombe mwekundu amezaa. Dume.

Jumapili, 4 Mei

Mvua toka alfajiri. Hatukwenda kanisani.

Tulikaa jikoni, mimi na mke wangu, tunachambua maharage. Redio ilikuwa imezimwa. Kasema bila kuinua kichwa, "Lomayani aliniambia mimi."

Nikauliza alikuambia nini.

"Yale uliyosema mahakamani. Wiki ile aliporudi kutoka huko. Alikaa hapo ulipokaa, akaniambia yote. Mpaka ya mtoto aliyemfunika shuka."

Nikamwuliza, miaka yote hii, kwa nini hukuniambia.

Kasema, "Aliniomba. Alisema baba ananisifu sana kwa watu, usimwambie."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akasogeza ungo katikati yetu ili na mimi nifikie, tukaendelea. Mabovu tulikuwa tunawatupia kuku. Yalikuwa machache.